Hewa Nzito ya Pwani

Kwa muda mrefu Subaru Impreza yangu ilikuwa na tabia mbili, moja ya Nairobi na nyingine ya Mombasa. Nairobi ilikuwa nzima. Iliwaka asubuhi bila kusitasita, ikatulia, ikapanda Ngong na kurudi bila kukohoa. Nikiteremka nayo Pwani, kuanzia Voi kwenda mbele, kila nilipokanyaga mafuta kulipita lori ilishtuka, ikakatika nguvu, ikarudi, ikakatika tena. Nikiachia pedali inanyooka kana kwamba hakuna lililotokea. Safari ya kurudi, ugonjwa uliishia njiani mahali fulani baada ya Mtito Andei, na mafundi wa mjini walioipokea waliizungusha mtaa mmoja na kunirudishia ufunguo wakisema haina neno.

Hawakunidanganya. Kwenye mtaa ule, kwa mwendo ule, haikuwa na neno kweli. Karibu kila ninachokijua leo kuhusu koili, kile kifaa kinachozaa cheche ya plagi, na kuhusu magari ya zamani yenye nguvu kwa jumla, kimetoka katika kulielewa jambo hilo: kifaa kilichochoka hakionyeshi uchovu wake mpaka kidaiwe kile ambacho hakina tena.

Ni WRX ya mwaka 2002, ile yenye taa za mviringo ambazo wengi walizichukia ilipotoka. Mimi nilizipenda tangu nilipoziona, ingawa mapenzi yangu kwa Subaru yalianza kabla yake. Nilikuwa mtoto mjomba alipotupeleka kutazama Safari Rally. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi, na tukaisikia injini kabla hatujaliona gari: mngurumo ule wa kugotagota, unaotoka kwenye silinda nne zilizolazwa, mbili kulia na mbili kushoto, na mirija ya egzosi isiyolingana urefu. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 akiendesha Impreza. Richard Burns akaishinda ya 2000, naye pia kwa Impreza. Kwa watoto wa rika langu hapakuwa na gari jingine la kuota.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Impreza za 2002 zilizoko barabarani ndizo hizo hizo, hazitakuja nyingine. Zimepita mikono mingi. Zimeendeshwa na vijana waliotaka kuwa McRae na wazazi waliotaka tu kuwafikisha watoto shuleni. Nyingi zimebadilishwa turbo, nyaya zimekatwa na kuungwa kwa utepe, kompyuta ya injini imeandikwa upya na mtu asiyejulikana tena alipo. Ukipata moja ambayo bodi yake haijaoza na injini yake haijafunguliwa ovyo, umepata kitu cha kutunza. Yangu ilikuwa hivyo, na ndiyo maana sikutaka mtu aifungue kwa kubahatisha.

Gari likianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake, kila mtu ana mshukiwa wake. Kwetu wa kwanza huwa petroli: umejaza kituo gani, wamechanganya na nini. Wa pili ni pampu na chujio. Wa tatu ni ile sensa inayopima hewa inayoingia, kwa kuwa inachafuka na ni rahisi kuilaumu. Kisha mipira ya turbo iliyopasuka. Dhana hizo zote zina akili ndani yake, maana pampu dhaifu nayo huonekana pale injini inapodai mafuta mengi, na mpira uliopasuka huvuja zaidi turbo inaposukuma. Nilisafisha, nikabadilisha chujio, nikakagua mipira. Nairobi gari lilizidi kuwa zuri. Pwani likabaki lilivyo.

Kilichonimalizia uvumilivu ni lori moja kati ya Taru na Samburu. Anayeijua Barabara ya Mombasa anajua hesabu inayofanywa pale: foleni ya malori mbele, mwanya, gari linalokuja kwa mbali, na sekunde chache za kuamua. Nilitoka, nikakanyaga, nguvu ikaja kisha ikakatika nikiwa ubavuni mwa trela. Nilishika breki nikarudi nyuma yake, na lori lililokuwa likija likapita likipiga honi. Mke wangu hakusema kitu mpaka tukafika Mariakani. Hapo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba gari hili litafutiwe daktari huku huku linakougua, si kule linakopona.

Ndivyo tulivyofika kwa mzee mmoja wa Changamwe, fundi ambaye mwenyeji wetu alimwamini. Gereji yake ilikuwa chini ya mwarobaini, ovaroli yake imefifia rangi, na zana zake zimepangwa kwa ukubwa juu ya gunia safi. Niliona mpangilio wa zile spana nikatulia kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

Nikaanza kumweleza habari za pampu, chujio na sensa. Akaninyooshea kiganja.

"Hayo tuachie sisi. Wewe niambie laugua wapi na lapona wapi."

Nikamwambia: Nairobi zima, Voi linaanza, Mombasa linazidi. Likiwa baridi si sana, likipata moto zaidi. Gia ya tatu na ya nne, turbo ikishajaa, si mwanzo wa mwendo.

"Na nguvu yalegea polepole au yakatika?"

"Inakatika, mzee. Papo hapo."

"Mafuta yakipungua, nguvu hulegea. Hii yakatika. Basi hiyo ni cheche." Akafungua boneti. "Nairobi hewa yenu nyepesi. Hapa ni nzito. Koili yako yaweza kuruka ya Nairobi, ya hapa haiwezi."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi na kamili kuliko hayo. Niliyoyasoma baadaye yalinipa namba, lakini hayakuongeza maana.

Betri hutoa volti 12. Umeme huo hauwezi kuruka hata pengo dogo kabisa la plagi. Ndani ya koili mna nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma: moja nene, ya mizunguko michache, na nyingine nyembamba kuliko unywele, ya maelfu ya mizunguko. Kompyuta ya injini huruhusu umeme upite kwenye uzi mnene kwa milisekunde chache ili usumaku ujengeke, kisha transista inaukata ghafla. Usumaku unapoporomoka huzaa kwenye uzi mwembamba volti elfu kadhaa, zikapanda hadi 20,000, 30,000 au zaidi. Hapa pana jambo ambalo matangazo ya koili hulinyamazia. Volti hizo hupanda mpaka pale cheche inaporuka, basi. Ikiwa pengo linadai 12,000, koili inatoa 12,000, hata kama sandukuni imeandikwa 40,000. Anayeamua ni pengo pamoja na hewa iliyobanwa ndani yake.

Friedrich Paschen, mwanafizikia wa Kijerumani, alilichunguza hili mwaka 1889, kabla injini za petroli hazijawa kitu cha kawaida: katika hali kama ya silinda, kadiri hewa inavyobanwa na kadiri pengo linavyopanuka, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika kuruka. Sasa rudi kwenye Barabara ya Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inakandamiza kwa takriban kilopaskali 83. Voi iko chini ya mita 600. Mombasa ni kilopaskali 101. Turbo inaongeza msukumo wake juu ya hiyo hewa ya nje, na zaidi ya hapo kompyuta ya Subaru hupunguza kazi ya turbo inapoona mwinuko, ili isizungushwe kupita kiasi. Kwa hiyo gari lile lile, kwa mguu ule ule, linaingiza ndani ya silinda hewa iliyobanwa zaidi Mombasa kuliko Nairobi. Dereva anaisikia kuwa nguvu. Koili inaipokea kuwa deni.

Ongeza joto. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Koili iliyopashwa kutoka digrii 20 hadi 100 ina ukinzani uliozidi kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kwa muda ule ule mchache wa kujaza inashika umeme pungufu, na cheche inayotoka imepungua uwezo. Koili ya WRX hukaa juu ya plagi, ubavuni mwa injini, ikila joto la kichwa cha silinda na la chumba chote cha injini. Saa saba mchana kule Maungu, nyuma ya trela, hakuna upepo wa kuipoza.

Mzee hakuanza na koili hata hivyo, na hili nimelishika. Alipima kwanza kompresheni ya silinda zote. Injini hizi za Subaru zina udhaifu unaojulikana: kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika zikipigwa na mlipuko usio wa wakati wake, na gari lenye pistoni iliyovunjika pia hukosa nguvu na kutetemeka. "Hapana maana kumnunulia koili mpya silinda iliyokufa," alisema. Zote nne zikasoma kwa kukaribiana. Niliona uso wake ukikunjuka, nikatambua kwamba alikuwa na wasiwasi huo tangu mwanzo na hakutaka kunitia hofu.

Ndipo akaanza kuzitoa. Upande wa kulia unaondoa sanduku la chujio la hewa. Upande wa kushoto unaondoa betri na chupa ya maji ya vioo, kisha unaingiza mkono kati ya injini na ukuta wa bodi, mahali ambapo vidole vinaona na macho hayaoni. Klipu za plastiki zinazoshika soketi za koili zimekaushwa na joto la miaka mingi. Ukizivuta kwa haraka zinavunjika. Alizibonyeza kwa kidole gumba, akasubiri, akazitikisa kidogo, akazibonyeza tena. Koili ya silinda ya 4 ilitoka na mafuta kwenye mpira wake. Muhuri wa kifuniko cha valvu ulikuwa umechoka, na mafuta ya injini yalikuwa yakivuja kidogo kidogo na kukusanyika ndani ya shimo la plagi. Mafuta hulainisha mpira wa koili, ukavimba, ukapasuka. Alipoifuta na kuigeuza juani tukaona ufa mwembamba, na kwenye kauri nyeupe ya plagi mstari wa kijivu uliopanda kutoka chini hadi juu. Ilikuwa ni alama ya njia ya umeme. Volti zilipohitajika nyingi kuliko ufa ulivyoweza kuzizuia, cheche haikuruka ndani ya silinda. Ilishuka kwa nje ya plagi hadi kwenye chuma cha injini.

Wengine wangeishia hapo. Yeye akaifuta koili ile, akaifunga silinda ya 1, na ya silinda ya 1 akaipeleka silinda ya 4.

"Mzee, si tumeshaona ufa?"

"Tumeona ufa. Hatujaona kama ufa ndio ugonjwa."

Tukapanda kuelekea Mazeras, kule barabara inakoinuka kutoka Pwani, gari likiwa kwenye gia ya nne, mimi nikikanyaga na yeye ameshika mashine ya kusomea injini mapajani. Likakatika vile vile. Kwenye mashine, misi zilizokuwa zikihesabiwa silinda ya 4 sasa zilikuwa silinda ya 1. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Alinionyesha kioo cha mashine bila kusema neno, na mimi nikaelewa kwa nini alitaka kuona mwenyewe. Jaribio hilo halikuhitaji kifaa cha ghali wala spea mpya, lilihitaji spana moja, mashine ile na mtu asiyependa kujiaminisha mapema. Na lilifanyika mpandoni, injini ikiwa imebebeshwa mzigo. Mita ya ukinzani haiwezi kukueleza mengi kuhusu koili ya namna hii, kwa kuwa transista yake imejengwa ndani pamoja nayo. Gerejini, injini ikiwa imetulia, zote nne zingeonekana nzima.

Swali la kununua nini lilinisumbua kuliko swali la ugonjwa. Koili za WRX za zamani zinapatikana kwa njia nne. Kuna za kiwanda, mpya, ghali. Kuna zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani, utazipata Kirinyaga Road, Nairobi, zimerundikwa kwenye ndoo. Hizo zina umri sawa na zako, na hujui zimekaa kwenye joto gani. Kuna za bandia, kwenye sanduku lenye nembo ya kampuni inayoheshimika, nyingine hata uzito wake mkononi ni pungufu. Halafu kuna za mashindano, zenye rangi ya kuvutia, zinazoahidi farasi zaidi.

Nilikuwa na hamu na hizo za mwisho. Gari la namna hii linamvuta mwenyewe kwenye kuongeza, na kila kifaa kinachokufa kinaonekana kuwa nafasi ya kuweka kikubwa zaidi. Nilimuuliza mzee kama nikiweka koili zenye nguvu gari litaenda kasi. Akaniuliza kama sasa hivi, Nairobi, petroli inawaka yote. Nikasema nadhani inawaka. "Basi ikishawaka, utaiwasha mara ngapi?"

Hesabu zinamuunga mkono. Katika hali nzuri ya maabara, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa huwashwa na nishati isiyofika hata milijuli 1. Koili za kawaida za magari ya leo hutoa makumi ya milijuli, kwa sababu ndani ya injini hali si nzuri: hewa inavuma, mchanganyiko haulingani kila mahali, plagi inachafuka. Akiba hiyo ipo kwa ajili ya shida. Ila moto ukishashika, kinachosukuma pistoni ni petroli na hewa. Koili yenye nguvu haiongezi farasi kwenye injini ambayo haikuwa ikimisi. Inachoweza kufanya ni kuwarudisha wale waliokuwa wakipotea, na kwa gari la umri huu hilo si jambo dogo.

Sisemi kwamba koili za nguvu hazina kazi. Mwenye Skyline ya zamani aliyepandisha msukumo wa turbo hadi bar mbili amedai kitu ambacho koili za mwanzo hazikukusudiwa kukitoa, na ndiyo maana wengi hufunga kwenye injini hizo koili za Nissan GT-R ya R35, gari lililotoka mwaka 2007. Wanafanya vizuri. Lakini koili tofauti inahitaji muda tofauti wa kujazwa. Ukiipa muda mchache hailipi deni, ukiipa mwingi inapata moto na kufa mapema, na muda huo unapangwa ndani ya kompyuta, kwa volti mbalimbali za betri. Anayefunga koili kubwa bila kugusa hesabu hiyo amebadilisha rangi tu.

Ipo pia sababu ya kihistoria ya kuziheshimu koili za kiwanda. Mfumo ambao Charles Kettering alibuni na ambao Cadillac iliutumia tangu magari yake ya 1910, kwa miongo mingi ulikuwa na koili moja ikihudumia silinda zote kupitia kigawio. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kila sekunde. Koili ile moja ilikuwa na milisekunde 5 tu za kujaza, kurusha na kujaza tena. Koili nne, kila moja juu ya plagi yake, zina milisekunde 20 kila moja. Waliounda injini yangu walikuwa tayari wamezipa koili nafasi kubwa kuliko zile zilizoendesha magari ya rally ya ujana wa baba yangu. Kilichopungua hakikuwa muundo. Ilikuwa ni miaka.

Nikanunua za kiwanda, zote nne. Moja tu ndiyo iliyokuwa imekufa, na nilifikiria kuokoa fedha, lakini zile nyingine tatu zilizaliwa nayo, zikaota joto lile lile, na upande wa kushoto sipendi kuuingizia mkono mara mbili. Nikanunua pia plagi mpya, mihuri ya mashimo ya plagi na ya kifuniko cha valvu. Hapo ndipo ningependa anayesoma akae kidogo. Plagi iliyolika pengo lake hupanuka, pengo likipanuka koili inadaiwa volti zaidi, na volti zikizidi ndipo insulesheni inapopasuka. Muhuri ukivuja, mpira unaoza. Koili ile haikujiua. Iliuawa na plagi na muhuri, vitu viwili vya bei ndogo kuliko yenyewe, na ningeweka koili mpya juu ya vile vile, vingeiua hiyo nayo.

Mzee alipima pengo la kila plagi kwa kipimo cha bapa akiwa amevaa miwani. Alizianza kwa vidole, bila spana, kwa kuwa kichwa cha silinda ni alumini na nyuzi zake zikiharibika hasara yake ni kubwa kuliko koili kumi. Kisha akakaza kwa spana ya kipimo, karibu Nm 21. Ndani ya mpira wa kila koili alipaka grisi ya silikoni kidogo, ili siku ya kuzitoa zitoke. Nilimwuliza nani alimfundisha utaratibu huo. Akasema alifundishwa na kuzitoa zilizofungwa na wengine.

Alipomaliza akaniambia jambo la mwisho, nilipokuwa nikihesabu fedha. Kwamba wenye WRX wanaochelewa kuja kwa koili, mwaka unaofuata huja kwa turbo. WRX nyingi za kizazi hiki zilitoka kiwandani na kataliti ndogo ya kusafisha moshi ndani ya bomba linalopeleka moshi kwenye turbo. Silinda inayomisi hutoa petroli mbichi, petroli ile inaungulia ndani ya kataliti, kauri inayeyuka au kumeguka, na vipande vyake vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Kwenye yangu, mwenye gari aliyenitangulia alikuwa ameshaiondoa. Mwenye nayo asiahirishe, na akiona taa ya injini inamemeta huku gari linatetemeka, aondoe mguu kwenye mafuta kabla ya kuanza kuwaza ni nini.

Tulirudi Nairobi siku ya joto kali. Kati ya Samburu na Taru nilipita malori kwa nguvu iliyokuja na kukaa, mfululizo, mpaka mwisho wa gia. Haikuwa nguvu mpya. Ilikuwa ile ya siku ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeisahau kwa kuipoteza taratibu, na nilisikia furaha ambayo hakuna kifaa cha mashindano kingenipa, kwa sababu hii ilikuwa ya gari lenyewe.

Siku hizi vijana wenye Subaru huniuliza wanunue koili gani. Nawauliza kwanza gari linamisi wapi, na wengi hunijibu kwa jina la koili waliyoiona kwenye gari la mtu. Basi tunafungua boneti. Tunatazama kama kuna mafuta kwenye mashimo ya plagi, tunapima pengo, tunabadilishana koili kati ya silinda mbili, kisha nawaambia tusiende mtaani. Tutafute mlima, au tushuke Naivasha na kupanda tena, injini ikiwa imepata moto. Mmoja wao aligundua kwamba koili zake zote zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa waya wa ardhi uliolegea nyuma ya betri, na bolti yake ilikazwa bila gharama yoyote. Alikuwa ameshaweka pembeni fedha za koili nne za rangi.

Na mimi ninazo fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya koili za mashindano. Zimebaki kwa muda kwa sababu sina ninachokidai kwenye injini hii zaidi ya kile inachonipa sasa. Wiki ijayo zinanunua mipira mipya ya breki, diski za mbele na pedi zake. Gari sasa linalipita lori kama lilivyoundwa kulipita, na breki zake zina umri ule ule wa koili nilizozitoa.